Mwendo wa Kirangozi

Saa kumi na moja alfajiri Mamboya huwa ingali na baridi, na ukungu umelala mabondeni chini ya milima ya Ukaguru. Najifunga khanga juu ya kaptula, nakaza kamba za raba za mtumba nilizonunua Kilosa mjini, natoka. Kina mama wanaokwenda kuchota maji wameshanizoea. Miezi ya mwanzo waliniuliza kwa sauti ya huruma, "Mwalimu, kuna msiba wapi?" Huku kwetu mtu mzima hakimbii alfajiri pasipo habari mbaya. Nina miaka 47, na nimejiandikisha kukimbia kilomita 50, mbio ambazo sijawahi kuzikimbia tangu nizaliwe.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195. Ukipita hapo umeingia katika mbio nyingine, na kilomita 50 ndio mlango wake wa karibu. Anayetaka kuuona umbali huo na apande basi la Iringa. Barabara ya Tanzam inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Abiria husinzia, akaamshwa atazame tembo, akasinzia tena, akaamka, na hifadhi bado haijaisha.

Nilianza vibaya. Kila siku nilitaka kuipita jana, na mwezi wa pili kisigino cha kushoto kikavimba, nikawa nashuka kitandani kwa kushika ukuta. Nilipopona nilikwenda kumwamkia mjomba, ambaye kwa mila ya Wakaguru ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Nilidhani atanikataza. Alikaa barazani akanitazama nikipanda na kushuka kilima cha mbele ya nyumba, kisha akaniita.

"Mpwa wangu, unakanyaga kwa hasira," akasema. "Ardhi imekukosea nini?"

Akasimama na fimbo yake akanionyesha anavyoshuka yeye. Magoti yalilegea kidogo, hatua zilikuwa fupi, na mguu ulitua chini ya mwili badala ya kutangulizwa mbele kama breki. Amepita themanini. Utotoni aliwakuta wazee ambao baba zao walibeba mizigo ya misafara, na aliwaiga wao. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba ninajifunza ufundi, na kwamba ufundi wenyewe ulikuwa hapa kabla yangu.

Mamboya ilikuwa kituo kwenye njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani, ikapanda kwenda Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikafika Tabora na hatimaye Ujiji. Ndiyo sababu wamisionari wa Kianglikana wa CMS walijenga hapa karibu na mwaka 1880. Mmoja wao, J. T. Last, alichapisha sarufi ya Kikaguru mwaka 1886. Vitabu vinawakumbuka sana waliokuja na daftari, na mimi nawatafuta waliowabebea hilo daftari. Mzigo wa mpagazi ulifika frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na juu yake akabeba mkeka, chungu na posho yake. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa kazi, wenye mapatano ya ujira na heshima ya kazi yao. Kwao kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa mtu mzima. Wanawake nao walikuwamo katika misafara hiyo, wakibeba vyungu, chakula na watoto.

Sisemi haya kwa kusahau. Njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na katika Vita Kuu ya Kwanza maelfu kwa maelfu walikamatwa wabebe mizigo ya majeshi wakafa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wabebaji cha vita hivyo. Mwendo wa aliyeburutwa si ufundi, ni mateso yake, na sina haki ya kuusifu. Ninayemsifu ni fundi aliyejua thamani ya miguu yake na kuidai.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Richard Burton, aliyepita kusini ya hapa mwaka 1857, aliandika kwamba aliyethubutu kumpita kirangozi njiani alichomolewa mshale podoni mwake, ili wakifika kambini ajulikane na atozwe faini. Nimelifikiria sana jambo hilo. Kati ya watu mia mbili, siku yoyote ile, wapo ishirini ambao asubuhi wana nguvu za kwenda haraka zaidi. Wakiachiwa, saa nne watakuwa wamekaa chini ya mti, mizigo imetupwa, na msafara mzima utawangoja. Faini ya mshale ilikuwa ulinzi dhidi ya nguvu za asubuhi.

Na mimi nguvu za asubuhi ndizo zilizonivunja kisigino. Misuli huitikia mazoezi kwa wiki chache, lakini kano zinataka miezi, na katika umri wangu zinataka subira zaidi. Moyo na mapafu yakikuambia "twende", kano ya kisigino bado inajadiliana. Kwa hiyo nimejiwekea kirangozi ndani ya kifua: ninaimba. Wapagazi waliimba njia nzima, na anayeimba hana budi kubaki na pumzi. Mimi huimba Tenzi za Rohoni. Nikishindwa kumaliza ubeti bila kukatika, nimempita kirangozi, basi napunguza. Mlimani natembea. Natembea kwa makusudi, mikono juu ya mapaja, bila aibu, kwa sababu kilima kinachopandwa kwa kukimbia hulipwa kwa mapaja kwenye mteremko, na mteremko ndio unaoumiza zaidi: kila hatua msuli unanyooshwa wakati unajaribu kukaza.

Kuhusu maji nilikuwa na ujinga wa wengi, wa kunywa kila wakati na kwa wingi. Mwaka 1985 daktari wa Afrika Kusini, Tim Noakes, na wenzake walieleza habari za wakimbiaji wa mbio ndefu waliougua kwa kunywa maji kupita kiasi, chumvi ya damu ikazimuliwa. Sasa nakunywa nikiona kiu, na mfukoni nina viazi vitamu vya kuchemsha vilivyonyunyiziwa chumvi. Kipande kimoja kila nusu saa, hata kama sina njaa. Tumbo nalo hufundishwa kama miguu.

Lakini kuna neno moja ambalo limebadilisha mazoezi yangu kuliko yote. Wasafiri wa karne ya 19 waliliandika "terekeza". Kwa kawaida msafara ulianza kabla ya jua na kupiga kambi kabla ya joto la adhuhuri. Ilipotokea kwamba maji ya mbele yako mbali kuliko mwendo wa siku moja, watu walijaza vibuyu, wakaondoka alasiri, wakalala pakavu, na alfajiri wakaendelea na miguu iliyochoka hadi majini. Hiyo ndiyo terekeza. Mbio ndefu zikagawanywa mara mbili na usingizi katikati.

Makocha wa leo wanawapa wakimbiaji zoezi hilo hilo: mbio ndefu Jumamosi, nyingine Jumapili, ili siku ya pili mwili ujifunze kwenda ukiwa tayari umechoka, pasipo kuumizwa na umbali wote kwa mkupuo. Wapagazi hawakufanya mazoezi. Walikuwa wanayafuata maji. Hata hivyo hesabu ni ile ile, na nashindwa kuitazama njia ile nyekundu bila kuwastahi.

Wapo wanaoniambia nimechelewa. Wanasema kweli kwamba uwezo wa mwili kutumia hewa hupungua, takriban asilimia kumi kila muongo kwa asiyefanya mazoezi. Ila mwaka 1989 Wally Hayward, mwenye miaka 80, alimaliza mbio za Comrades kule Afrika Kusini, karibu kilomita 90 kati ya Pietermaritzburg na Durban, dakika zisizozidi mbili kabla ya kikomo cha saa kumi na moja. Alikuwa amewahi kuzishinda mbio hizo mara tano. Ninapomfikiria, sifikirii vikombe vyake. Nafikiria alivyojua, saa baada ya saa, ni kiasi gani cha nguvu kimebaki na kitagawanywa vipi. Hayo hayapatikani ukiwa na miaka ishirini, kwa kuwa kijana hana haja ya kuhesabu.

Jumamosi iliyopita nilifanya terekeza yangu ya kwanza. Niliondoka saa tisa alasiri, jua bado kali, nikaenda kilomita 26 mpaka kwa mama mdogo, nikafika giza limeingia. Alinipashia maji ya chumvi nikaloweka miguu, akanipa ugali na maharage, hakuuliza mengi. Alfajiri nilipojaribu kusimama, vigimbi vilikuwa vigumu kama vijiti. Nilitembea uwanjani nikiwa nimeshika nguzo ya banda la mbuzi.

"Ungengoja bodaboda, mwanangu," mama mdogo akasema. "Inapita saa mbili."

Nilimshukuru nikamuaga. Kilomita tatu za kwanza nilizitembea zote. Ya nne nikaanza kujivuta, hatua fupi, mguu chini ya mwili. Karibu na kijito nikajaribu ubeti wa kwanza, sauti ikatoka imekwaruza. Ubeti wa pili ulifika mwisho bila kukatika. Mbele, kwenye mwinuko, wanawake watatu walikuwa wanarudi na ndoo vichwani, shingo zimenyooka, ngata zimekaa sawasawa, wakizungumza. Nilipowafikia sikuwapita. Nilipunguza, nikawaamkia, nikaingia nyuma yao, na tukapanda pamoja.