Unga Usiotikiswa

Tukisikia tiba ya seli, wengi wetu huwaza maabara za mbali ambako wataalamu wanahangaika kuotesha upya msuli wa moyo uliokufa. Lakini Beni na Butembo, miji ya mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zimeijua tiba iliyoanzia kwenye seli za binadamu tangu janga la Ebola la 2018.

Ilianza na subira ya miaka. Mtu aliyepona Ebola ya Kikwit, pia nchini Kongo, ya 1995 alitolewa damu mwaka 2006, kwa jitihada za Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa Marekani. Huko Bellinzona, Uswisi, watafiti walizichambua seli za damu ile wakitafuta zile ambazo bado zinavikumbuka virusi. Wakazipata. Kingamwili ya seli hizo waliyoichagua ikaitwa mAb114.

Beni iliipokea ikiwa unga ndani ya vichupa vinavyotunzwa kwenye baridi. Hapo kazi ikawa ya muuguzi. Kwanza hujua uzito wa mgonjwa, maana kila kilo inadai miligramu 50. Mwenye kilo 60 hupewa 3,000. Kisha huingiza maji ya sindano kichupani polepole. Hatikisi kamwe, kwa sababu protini ikitikiswa hutoa povu na kuharibika. Hukizungusha kichupa kidogo kwa vidole, hukiweka mezani, husubiri, hukizungusha tena, mpaka unga wote uyeyuke. Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto, lakini hata katika siku za hofu namna hiyo unga haungeweza kuharakishwa.

Kinachonistaajabisha zaidi ni mshipa. Muuguzi amevaa ovaroli, buti, aproni, barakoa na miwani inayoshika ukungu. Jina lake limeandikwa kifuani ili mgonjwa ajue nani anamhudumia. Amevaa glavu juu ya glavu. Kwa vidole hivyo huupapasa mkono wa mtu aliyeishiwa maji kwa kuhara na kutapika, mishipa yake imenywea. Hafanyi pupa: akichoma ovyo atamtoa damu mgonjwa, na damu hiyo inaweza kumuua yeye mwenyewe. Hufunga mpira, hungoja, hupapasa tena, ndipo achome. Dripu hutiririka kwa takriban saa moja, naye yupo, anatazama pumzi, joto na shinikizo la damu.

Kati ya Novemba 2018 na Agosti 2019, dawa nne zililinganishwa katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Waliopewa mAb114 walikuwa 174, wakafa 61. Kwa waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganishia, walikufa karibu nusu. Marekani iliidhinisha mAb114 tarehe 21 Desemba 2020 kwa jina la Ebanga. Historia yake ikiandikwa, wauguzi hao wahesabiwe miongoni mwa walioitengeneza.