Wavu Mzima, Kuku Tisa Wamekufa

Banda la Mwalimu wengi wenu mlikwenda kulitazama asubuhi ile, na wengine mlipiga picha, kwa hiyo mizoga sihesabu tena. Nina neno moja tu na yule fundi aliyelijenga: dirisha refu la upande wa migomba. Kuliziba kwa wavu wa dagaa lilikuwa kosa tangu msumari wa kwanza, kabla kuku hata mmoja hajalala humo.

Haki yake nimpe, nisije nikaambiwa nina chuki. Zege la chini limeshiba, bati limebanwa, mlango hauna mwanya, na kuku walipata tone la chanjo ya kideri kwa wakati. Basi.

Sasa dirisha. Lina urefu wa mita 2 na nusu, na linaanzia futi 1 tu kutoka ardhini. Fundi alikuwa na fedha ya waya mkononi, Mwalimu alishampa. Akatokea kijana na wavu wa nailoni kutoka mwaloni, bei ya kutupa. Fundi akautandaza kwenye goti, akaangalia macho yake ya milimita 8, akajaribu kupitisha kidole cha mwisho, kikagoma. Akasema hapa hata panya hapiti. Mchezo uliishia hapo. Alipima jicho, hakupima uzi. Dagaa hana makucha wala hana meno ya kusumbua mtu, na wavu wake unafanya kazi majini ukiwa umevutwa. Ukishaugongomelea kwenye mbao, jicho la wavu si hoja tena, hoja ni nafasi kati ya msumari na msumari. Nilikwenda na futi kamba. Msumari hadi msumari, sentimita 35. Nikaweka ngumi katikati ya misumari miwili, chini kabisa, nikasukuma kama mtu anayesukuma pazia. Wavu ukaachana na mbao, mkono ukaingia hadi kiwiko. Nikautoa, wavu ukarudi mahali pake, umetulia, huwezi kujua kama kuna kitu kimepita.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Lakini mzee, mbona haujachanika popote?"

"Haujachanika, Mwalimu. Hakuwa na haja ya kuuchana."

Aliyeingia ni kanu. Nimewasikia waliosema kicheche. Kicheche angetuachia harufu, na mngeipata hadi barabara ya Musoma. Waliosema nguchiro wanasahau kwamba hawa wetu wa mitaani ni wezi wa mchana. Kenge anayepanda kutoka mtoni naye ni wa juani, tena hutaka mayai na vifaranga. Hapa kuku 9 wameng'atwa shingo, ameliwa mmoja tu, kuanzia kichwani, na kwenye msumari wa pili kutoka kushoto kulikuwa na nywele tatu za kijivu zenye ncha nyeusi. Kanu ana mwili kama soksi: kichwa kikipita, kilichobaki kinafuata. Akishakuwa ndani, kuku wakaanza kupigapiga mabawa bila pa kukimbilia, haui tena kwa njaa. Kila kinachoruka anakirukia.

Mwaka 2018, Operesheni Sangara ilipokuwa ikichoma nyavu haramu ukanda huu wa ziwa, wavu wa Mwalimu pengine ungepona. Uharamu wake umeanza ulipofika bandani. Juu ya uwanja, kumzuia mwewe, nisingesema neno. Kazi hiyo unaiweza. Ukutani, usiku, futi 1 kutoka ardhini, hapana.

Fundi anajitetea kwamba hata waya wa kuku ungeshindwa. Kwa nusu amesema kweli, na hili nalisema mwaka wa ngapi sasa sijui. Ule waya mwembamba wa pembe sita ulitoka Norwich, Uingereza, mwaka 1844, kwa Charles Barnard, mtu wa biashara ya vyuma aliyeiga mashine za kufuma nguo. Unamzuia kuku asitoke. Anayetaka kuingia ni habari nyingine. Kwa dirisha lile ulitakiwa waya wa kuchomelewa, matundu ya nusu inchi, misumari ya U kila sentimita 10, halafu ubao mwembamba juu ya ukingo wote. Na upigiliwe nje ya fremu! Mnyama akisukuma, anaubana kwenye mbao. Ukiupigilia kwa ndani, kila anaposukuma anakung'olea misumari, na nusu ya mabanda ya mji huu yamepigiliwa kwa ndani kwa sababu eti kwa nje hayapendezi.

Nimesema mlango hauna mwanya. Una komeo mbili vilevile, na nimeambiwa zimetoka kwenye video ya Marekani. Kule kuna mnyama anaitwa rakuni, ana vidole vya kufungulia milango, kwa hiyo wana sababu. Hapa Magu hatuna rakuni. Fedha ya komeo ya pili ingenunua misumari ya dirisha zima na chenji ikabaki. Taa ya sola inayowaka juu ya banda sitaki hata kuizungumzia; kanu anaizoea ndani ya wiki, halafu inamsaidia kuchagua.

Nyanguge alikuwepo mzee mmoja, sasa marehemu, ambaye sikuwahi kusikia amepoteza kuku usiku. Waya hakuwa nao. Banda lake lilikuwa juu, kimo cha kifua, kwenye nguzo nne za mirunda, na kila nguzo ameizungushia bati la debe alilolikunjua na kulinyoosha kwa nyundo hadi likateleza. Panya akifika pale anarudi, nyoka anarudi. Sakafu na kuta zilikuwa fito zilizobanwa kwa kamba ya katani, nafasi ya fito na fito haifiki upana wa kidole. Magharibi, kuku wakishapanda, aliondoa ile ngazi yao na kuiegemeza kwenye mlango wa nyumba yake. Kila siku. Nilimkuta akifanya hivyo siku ya msiba wa kaka yake.

Na miji yetu ilikuwa na minyaa pande zote. Mwewe akianza kuzunguka, vifaranga wanachomoka wanajificha chini ya matawi, waliochelewa bibi anawafunika na tenga. Tumekata minyaa, tumepandisha ukuta wa tofali, uwanja umebaki kama sahani, halafu ikifika Novemba, mwewe wa Ulaya wameongezeka juu ya hawa wa kwetu, tunauliza vifaranga wanakwenda wapi.

Jumamosi fundi alirudi kwa Mwalimu kurekebisha. Nilipita saa kumi jioni nikamkuta amepiga magoti mbele ya dirisha, misumari mdomoni. Alikuwa ameleta wavu mwingine wa dagaa, anaushonea juu ya ule wa kwanza.