Sanda ya Turin: hesabu inayoikabili hoja ya Texas

 San Antonio, Texas, ndiko lilikozuka pingamizi moja maarufu dhidi ya kipimo cha 1988 cha umri wa Sanda ya Turin, kitambaa kinachoaminiwa na wengi kuwa kiliufunika mwili wa Yesu. Katika miaka ya 1990, daktari wa watoto Leoncio Garza-Valdés alisema bakteria wameacha utando wa plastiki juu ya nyuzi, na kaboni ya utando huo ndiyo iliyoifanya sanda ionekane changa. Hoja hii inapimika, basi tuipime.

Tarehe 21 Aprili 1988, ukanda wa kitani wa takriban sentimita 7 kwa 1 ulikatwa kwenye kona moja ya sanda. Maabara za Oxford, Zurich na Tucson zilipata vipande vya kama miligramu 50 kila moja, pamoja na vitambaa vingine vya kale vya kulinganishia. Nyuzi zilisafishwa kwa asidi na alkali, zikachomwa, gesi yake ikageuzwa grafiti, ndipo mashine zikahesabu atomi za kaboni-14, ambazo hupungua kadiri miaka inavyopita baada ya mmea kufa. Majibu yalitoka katika jarida la Nature, Februari 1989: kati ya mwaka 1260 na 1390.

Sasa hesabu. Kitani cha karne ya kwanza hubaki na asilimia 78 hivi ya kaboni-14 ya mmea hai. Kipimo kilionyesha karibu asilimia 92. Ili uchafu wa kisasa, wa kabla ya majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyoongeza kaboni-14 hewani, uzibe pengo hilo, zaidi ya asilimia 60 ya kaboni yote iliyopimwa ingepaswa kuwa ya uchafu, tena baada ya kusafishwa. Kitambaa hicho kingekuwa plastiki zaidi kuliko kitani, na darubini isingekosa kuliona hilo.

Mwaka 2005, mkemia Raymond Rogers alichapisha hoja tofauti: kwamba kona ile ilitiwa kiraka na kupakwa rangi. Hii ni hoja nzito zaidi, kwa sababu inagusa mahali sampuli ilipotoka. Lakini ili kitani kilichobaki kiwe cha karne ya kwanza, kiraka, tuseme cha karne ya 16, kingelazimika kuchangia zaidi ya robo tatu ya kaboni iliyopimwa.

Udhaifu halisi naouona ni sampuli yenyewe. Mpango wa 1986 ulitaka maabara saba. Zikabaki tatu, na zote zikapima kitambaa cha kona ileile. Oxford ilipata umri wa miaka 750 ya kaboni (yaani kabla ya kusahihishwa kuwa miaka ya kalenda), Zurich 676, Tucson 646. Tofauti hizo ni kubwa kuliko makosa yaliyotangazwa, na uchambuzi wa takwimu ghafi uliochapishwa 2019 ulisisitiza kuwa vipande havikulingana. Hata hivyo, tofauti ya karne moja haivuki pengo la karne 13.

Hukumu yangu: kona ile ni ya Zama za Kati. Anayetaka kuipinga alete nyuzi za sehemu nyingine, si nadharia nyingine. Sanda ni mali ya Papa tangu 1983, na bila idhini yake hakuna uzi utakaokatwa.