Ufundi wa Kubishania Mpira Uliodakwa

Mashabiki wa futiboli ya Kimarekani wanaweza kubishania tukio la sekunde mbili kwa miaka kumi, na wengi wanaowatazama kwa mbali huona ni kupoteza muda. Mimi naona kinyume chake. Ubishi kuhusu mpira uliodakwa, au ambao refa amesema haukudakwa, ni ufundi kamili. Una zana zake, una mafundi wake, na una wanaouharibu kwa kelele. Kwa ufundi huo watu wasio na cheo chochote katika mchezo hujizoeza kutenganisha walichokiona na walichokitamani, kisha hujifunza kuipima kanuni yenyewe badala ya kuitii tu au kuilaani tu. Wanaoufanya vizuri wanastahili sifa, kwa sababu historia ya mchezo huo inaonyesha kwamba waliona mapema jambo ambalo wenye mamlaka walilikubali baadaye sana.

Mchezo wenyewe ndio unaozaa ubishi huu. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Pasi ikigusa ardhi kabla ya kudakwa, jaribio limepotea na mpira unarudi ulikotoka. Ikidakwa, kila yadi aliyofika mpokeaji ni mali ya timu yake. Hakuna nusu ya kudaka wala alama za jitihada. Lakini mwili wa mwanadamu haugawanyiki hivyo. Mtu huruka, akabanwa na beki hewani, akatua, akapepesuka, akaanguka, na mpira ukagonga nyasi chini ya mkono wake. Yote hayo ni mfululizo mmoja, na kanuni inalazimika kukata mstari mahali fulani katikati yake. Kwa miaka mingi NFL, ligi kuu ya mchezo huo, iliukata mstari huo mbali: mpokeaji anayeanguka wakati wa kudaka alitakiwa aushikilie mpira mpaka amalize kabisa kuanguka. Kanuni hiyo ilikuwa na faida yake. Ilimpa refa kipimo kimoja cha kutazama, badala ya kumwachia akisie ni lini hasa mikono ilipoumiliki mpira. Anayeingia katika ubishi huu kwa haki huanza kwa kuikubali faida hiyo.

Tarehe 12 Septemba 2010, katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, Calvin Johnson wa Detroit Lions aliruka katika eneo la mwisho, ambako kudaka huwa ni bao, na kuunyaka mpira zikiwa zimebaki sekunde chache, timu yake ikiwa nyuma kwa 19-14 dhidi ya Chicago Bears. Alitua kwa miguu yote miwili, akaanguka, na alipokuwa akigeuka mkono wenye mpira uligusa nyasi, mpira ukamtoka. Waamuzi walisema hakudaka, na marudio ya video yakathibitisha hivyo. Chicago ikashinda. Shabiki mwenye pupa angepiga kelele kwamba refa ni mwizi. Shabiki fundi alisema jambo gumu zaidi: kwa kanuni ilivyoandikwa refa yuko sahihi, na kanuni ilivyoandikwa haiko sahihi. Kauli hiyo ndiyo msingi wa ufundi wote. Inamwondolea lawama mtu aliyetimiza wajibu wake, na wakati huohuo inakataa kwamba jambo limekwisha kwa kuwa tu limeandikwa.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa tarehe 11 Januari 2015, Green Bay katika jimbo la Wisconsin. Dallas Cowboys walikuwa nyuma kwa 26-21, wakiwa katika jaribio la nne na wakihitaji yadi mbili, dakika zilizobaki zikiwa chini ya tano. Tony Romo, mtupaji wa Dallas, alitupa pasi ndefu kando ya uwanja. Mpokeaji wake, Dez Bryant, akaruka juu ya beki Sam Shields, akaunyaka mpira, akapiga hatua huku akianguka, akaunyoosha mkono kuelekea mstari wa bao. Mpira ukagonga ardhi, ukaruka, akaukamata tena. Waamuzi wa uwanjani walisema amedaka na ameishia karibu kabisa na mstari. Mike McCarthy, kocha wa Green Bay, akaupinga uamuzi huo, na refa Gene Steratore, baada ya kutazama video, akaubatilisha. Hapo ubishi mzuri hugawanyika katika maswali yasiyofanana. La kwanza ni la macho: je, mpira uligusa ardhi na ukamponyoka? Ndiyo, na shabiki wa Dallas anayekana hilo hana cha kuchangia. La pili ni la kanuni ya wakati ule: je, Bryant alikuwa bado anaanguka katika kudaka, au hatua zake na ule mkono ulionyooshwa vilikuwa tayari ni vitendo vya mtu mwenye mpira anayetafuta bao? Hapa pande zote mbili zilikuwa na hoja. Wa Dallas waliweza kusema kwamba mtu haunyooshi mpira asioumiliki kuelekea mstari. Wa Green Bay waliweza kujibu kwamba tangu alipogusa ardhi kwa mguu wa kwanza mwili wake ulikuwa njiani kuanguka, na kunyoosha mkono hakukubadilisha hilo. La tatu ni la haki: je, kanuni inayosema tendo kama lile si kudaka inafaa kwa mchezo huu?

Wengi huyachanganya maswali hayo matatu, ndiyo maana ubishi wao hauishi wala hausongi. Huyu anajibu la tatu, yule anadhani amejibu la pili, na wote wawili wanaondoka wakiwa na hasira. Fundi humzuia mwenzake kwa upole na kumuuliza: tunazungumzia kilichotokea, kilichoandikwa, au kilichopaswa kuandikwa? Wakishakubaliana wanabishania nini, hata wasiokubaliana hujikuta wamekubaliana mambo mawili kati ya matatu, na kilichobaki ni tofauti ya kweli inayostahili muda wao.

Kuna swali la nne ambalo huwapima mashabiki kuliko yote: je, uamuzi huo ndio ulioamua mechi? Hapa ubishi wa refa hukutana na ubishi wa viwango vya wachezaji. Ni rahisi kwa shabiki wa Dallas kuihesabu mechi ile yote kuwa ni pasi moja. Lakini katika kipindi cha pili DeMarco Murray wa Dallas alipita katikati, mbele yake uwanja ukiwa wazi, na Julius Peppers wa Green Bay akautoa mpira mikononi mwake. Hakuna kanuni ya kudaka iliyohusika hapo. Aaron Rodgers, mtupaji wa Green Bay aliyecheza akiwa na jeraha la kigimbi, alitupa pasi tatu za tachidauni, yaani za bao. Mwenzake Davante Adams, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, alifunga kwa pasi ya yadi 46. Na hata kama Bryant angehesabiwa amedaka, na Dallas wakafunga, Rodgers angebaki na dakika kadhaa za kujibu. Baada ya uamuzi ule, Green Bay waliushikilia mpira hadi mwisho, na ulinzi wa Dallas haukuweza kuwanyang'anya. Kuyataja haya si kumgeuka Bryant. Kazi ya mchezaji hupimwa kwa tendo alilolifanya, na kuruka kwake kulikuwa kazi ya hali ya juu hata katika takwimu ambazo hazikuihesabu. Shabiki aliyekomaa anaweza kusema kwa pumzi moja kwamba Bryant alicheza vizuri, kwamba kanuni ilimnyima haki yake, na kwamba timu yake ilishindwa pia kwa sababu nyingine.

Pingamizi la kwanza dhidi ya sifa hizi ni la upendeleo, nalo ni zito. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wiki moja tu kabla ya mechi ya Green Bay, tarehe 4 Januari 2015, Dallas hawahawa walinufaika walipocheza na Detroit. Bendera ya kosa dhidi ya beki Anthony Hitchens ilirushwa, kosa likatangazwa, kisha waamuzi wakaifuta bila maelezo ya kutosha, na Dallas wakashinda 24-20. Wako waliosherehekea uamuzi ule na kuomboleza huu ndani ya siku saba. Lakini pingamizi hilo linathibitisha haja ya ufundi, haliuvunji. Upendeleo ni hali ambayo kila shabiki anaanza nayo. Ufundi ni namna ya kuushinda, na kipimo chake kinajulikana. Geuza jezi: kama mchezaji yuleyule angekuwa wa wapinzani, ungesema vilevile? Mashabiki wa Detroit waliokuwa wameumizwa mwaka 2010, kisha wakaumizwa tena na Dallas, walikuwa na kila sababu ya kufurahia msiba wa Bryant. Yeyote kati yao aliyesema kwamba ile pasi ilipaswa kuhesabiwa, kwa sababu ndivyo alivyosema kuhusu Johnson, alionyesha uadilifu wa hali ya juu, na uadilifu huo aliupata kwa kubishana.

Pingamizi la pili linasema video imeufanya ubishi kuwa wa kizamani: tazama picha, toa jibu. Historia ya mchezo inasema vingine. Marudio ya video yalirudishwa katika NFL mwaka 1999, na msimu huohuo yakaleta utata mpya. Katika mechi ya nusu fainali ya tarehe 23 Januari 2000, Bert Emanuel wa Tampa Bay alidaka mpira, video ikaonyesha ncha yake ikigusa ardhi ndani ya mikono yake, uamuzi ukabatilishwa, na St. Louis Rams wakashinda 11-6. Baada ya hapo ligi ilifafanua kwamba mpira kugusa ardhi si kosa ikiwa mchezaji hakupoteza umiliki wake. Kamera ilionyesha mguso. Haikuweza kusema mguso huo una maana gani. Zaidi ya hayo, mwendo wa polepole huyakuza mambo madogo na kuyafanya yaonekane ya muda mrefu, hata mtikisiko mdogo wa mpira ukaonekana kama kuuachia. Picha zaidi zimezaa maswali zaidi, na watu wenye uzoefu wa kuyapambanua ndio wanaohitajika.

Kisha likaja tukio la tarehe 17 Desemba 2017 mjini Pittsburgh. Jesse James wa Steelers alidaka, akageuka na kuunyoosha mpira kuvuka mstari wa bao zikiwa zimebaki sekunde 28. Waamuzi walisema ni tachidauni. Video ikaonyesha mpira ukisogea ulipogusa ardhi, uamuzi ukabatilishwa, Duron Harmon wa New England Patriots akaikata pasi ya Ben Roethlisberger wa Steelers, na Patriots wakaondoka na ushindi wa 27-24. Tarehe 27 Machi 2018 wamiliki wa timu walipiga kura 32 kwa 0 kuibadilisha kanuni. Sharti la kuushikilia mpira hadi mwisho wa kuanguka liliondolewa. Yakabaki matatu: kuumiliki mpira, kugusa ndani ya uwanja kwa miguu miwili au sehemu nyingine ya mwili, na kufanya tendo la mchezo, kama vile kupiga hatua ya tatu au kuunyoosha mpira kuelekea mstari. Kwa kipimo hicho Bryant alidaka, na James alidaka.

Mtu anaweza kusema kwamba mashabiki wasijipe sifa, kwani hawakupiga kura, na makocha, wachezaji wa zamani na kamati ya kanuni ndio waliofanya kazi hiyo. Ni kweli, nami sidai kwamba waliandika kanuni. Nadai kwamba waliweka hai swali lenyewe. Ligi ina msimu mpya kila Septemba na kila sababu ya kusahau. Johnson angebaki jina katika kumbukumbu za Detroit tu kama watu wasingemtaja kila mara Bryant alipotajwa, na kumtaja Bryant kila James alipotajwa. Huko kuunganisha matukio, kusema hili linafanana na lile na linatofautiana nalo hapa, ndiko kulikoonyesha kwamba tatizo halikuwa refa mmoja au timu moja bali mstari uliokatwa mahali pabaya. Mahakama hufanya kazi hiyohiyo kwa hukumu zilizotangulia, na hulipwa kwa ajili yake.

Kanuni ya 2018 haikumaliza mabishano, na haikupaswa kuyamaliza. Hatua ya tatu nayo ina mwanzo na mwisho, na umiliki bado unahitaji jicho. Ndiyo maana ufundi huu unapaswa kurithishwa kwa makusudi. Shabiki kijana anayetaka kujiunga na wakubwa azoezwe kwanza kueleza hoja ya wapinzani mpaka wao wenyewe waseme ameieleza vizuri, kisha ataje uamuzi mmoja ulioipendelea timu yake bila haki. Akiweza hayo mawili, anaweza kuaminiwa na la tatu, yaani kusema kanuni gani inafaa. Anayemtukana refa au kumtisha mchezaji amejitoa mwenyewe katika ufundi huu, kwa kuwa ameacha kazi ya kufikiri. Wanaobaki, wakiupima mwili unaoanguka kwa kanuni na kanuni kwa haki, wanaufanyia mchezo wao kazi ambayo hakuna kamera wala kamati inayoweza kuifanya kwa niaba yao.