Mafuta Hushika Harufu

Kibuyu cha maziwa cha mfugaji hakioshwi kwa sabuni. Kwa Wadatoga, kama kwa Wamasai, mama mwenye nyumba huchoma kijiti cha mti aliouchagua, mara nyingi mzeituni mwitu, na kinapokuwa kaa la moto hukisugulia ndani ya kibuyu, akafunika, akatikisa, kisha akakung'uta majivu. Moshi hupunguza vijidudu, na maziwa hukaa muda mrefu zaidi bila kuharibika. Lakini si hilo tu analolitafuta. Maziwa hutoka na harufu ya moshi ambayo mgeni wa mjini huishangaa na mwenyeji huikosa kila anapokunywa ya pakiti.

Fundi wa manukato angemtambua mama huyo kuwa mwenzake. Miti ni mingi porini, naye amechagua mmoja kwa pua yake. Moto ukizidi harufu huwa kali, ukipungua haishiki. Tena amekwisha kuijua kanuni iliyoubeba ufundi mzima wa sabuni na mafuta ya mwili: harufu nyingi nzuri hazipatani na maji, hukimbilia kwenye mafuta. Maziwa hushika moshi kwa sababu yana mafuta. Samli hushika zaidi.

Ndiyo sababu Nangwa ni mahali pema pa kujifunzia kazi hii, ingawa hakuna anayeitaja sabuni akizungumzia Nangwa. Kata hiyo iko wilayani Hanang, mkoani Manyara, chini ya mlima unaozidi mita 3,400. Wairaqw hulima; Wabarabaig, ambao ni Wadatoga, hufuga. Samli wameijua tangu zamani kama kitu cha kula na cha kujipaka, na mafuta ndiyo yanayolainisha ngozi ya hanang'weanda, ile sketi ya mwanamke wa Kibarabaig aliyeolewa. Mashambani kuna alizeti. Buchani kuna shahamu inayouzwa kwa bei ya chini kuliko nyama, au inayotupwa. Kuna nyuki, na palipo na asali pana nta. Kuna hata chumvi, ile ya Ziwa Balangida, ambayo watu wa Hanang wamekuwa wakiivuna maji yanapokauka. Juu ya utajiri wote huo, rafu za duka la kijijini zina sabuni ya mche kutoka kiwandani na kopo la mafuta ya mgando yatokanayo na petroliamu.

Sehemu ya lawama ni ya mafunzo yenyewe. Anayejiandikisha kwenye semina ya ujasiriamali nchini Tanzania, mara nyingi hufundishwa sabuni ya maji: salfoniki, ungaroli, magadi ya kiwandani, chumvi, gliserini, rangi na pafyumu, vyote vimenunuliwa mjini, vikikorogwa kwenye ndoo kwa zamu. Baadhi ya walimu huongeza fomalini isioze. Hiyo ni biashara halali na imelipa ada za watoto wengi, ingawa fomalini ingefaa iachwe, kwa kuwa fomaldehaidi iliyomo ilitangazwa mwaka 2004 na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, IARC, kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Ila mwanafunzi hutoka hapo akiwa mchanganyaji. Chupa zikiisha, naye ameishiwa. Ufundi unaosifiwa hapa huanza mahali pengine, kwenye mafuta, na harufu huja mwisho.

Basi, mafuta. Alizeti ya Manyara na Singida ina historia yake ya ufundi. Katikati ya miaka ya 1980, mhandisi wa Kimarekani Carl Bielenberg alibuni huko Arusha mashine ndogo ya kukamua kwa mkono, ya mpini mrefu, iliyowawezesha wanakijiji kujikamulia mafuta bila umeme. Baadaye mashine hiyo ilisambaa hadi nchi nyingine za Afrika. Leo mashine za injini ndizo nyingi. Mafuta hutoka ya dhahabu, mazito, yenye harufu ya mbegu, na mashudu huenda kwa ng'ombe.

Kwa ngozi ni mafuta mazuri mno. Kwa sabuni yana ukaidi. Sabuni ya alizeti tupu huwa laini, huyeyuka upesi bafuni, na ikikaa huota madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Shahamu ya ng'ombe huleta kinyume chake: ugumu, weupe, povu dogo linalokaa. Huyeyushwa polepole pamoja na maji na chumvi kidogo, huchujwa, huachwa igande, na zoezi hilo hurudiwa mpaka harufu ya bucha iishe. Shahamu ya mbuzi ina ukali usiotoka hivi hivi. Wa kuanza aiepuke. Mafuta ya nazi kutoka pwani huleta povu kubwa la haraka, na sabuni yake hutoa povu hata kwenye maji ya bahari, jambo ambalo sabuni nyingine nyingi hazilifanyi. Lakini nazi ikizidi, sabuni husafisha mpaka ngozi ikaachwa kavu, na Nangwa, penye upepo na baridi ya kuanzia Juni, ngozi haihitaji msaada wa kukauka.

Aliyeeleza kisayansi kinachotokea ndani ya sufuria ni mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, katika kitabu chake cha mwaka 1823. Mafuta hukutana na alikali, huvunjika, na kutoka humo huzaliwa vitu viwili, sabuni na gliserini. (Chevreul mwenyewe aliishi hadi kuvuka miaka 100, hatusemi ni kwa sababu ya kunawa.) Kabla yake watu walitumia maji ya majivu, ambayo hutoa sabuni laini ya kuchota, na bado njia hiyo ipo vijijini pengi barani Afrika. Sabuni ngumu kwa bei ndogo ilikuja Ulaya baada ya Nicolas Leblanc, mwaka 1791, kuonyesha namna ya kupata soda kutokana na chumvi.

Leo kinachotumika ni kostiki soda, na hapa ndipo mkono unaokadiria chumvi ya mboga kwa macho unapotakiwa kujifunza adabu mpya. Kila mafuta yana kiwango chake. Kilo moja ya alizeti hula gramu 135 hivi za kostiki. Shahamu ya ng'ombe gramu 140 hivi. Nazi zaidi ya gramu 180. Mwanafunzi akichukua gramu 500 za shahamu, 300 za alizeti na 200 za nazi, hesabu humletea gramu 147 za kostiki, na fundi mwenye busara hupunguza asilimia 5, akabaki na 140, ili mafuta kidogo yasalie bila kugeuzwa yapate kuihurumia ngozi. Maji, gramu 330 zatosha. Mizani ya kidijitali ndiyo zana ya kwanza ya kununua, kabla ya ukungu wa kumiminia na kabla ya chupa yoyote ya manukato.

Kuna hatari moja ambayo vitabu vya nchi za mbali huigusa juujuu, na jikoni kwetu ndiyo kubwa. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki huila alumini, huchemka nayo na kutoa gesi inayoshika moto. Ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha chuma kisichoshika kutu ndivyo vinavyofaa. Kostiki humiminwa ndani ya maji, kamwe maji yasimiminwe juu ya kostiki; mchanganyiko hupanda joto hadi kupita nyuzi 80, na mvuke wake haufai kuvutwa, kwa hiyo kazi hii ni ya barazani. Glovu, miwani, watoto mbali. Tone likiruka mwilini, ni maji mengi yanayotiririka.

Kijiko cha chumvi safi kikiyeyushwa katika yale maji kabla ya kostiki huikaza sabuni. Halafu mafuta yaliyoyeyushwa na maji ya kostiki huunganishwa vikiwa vuguvugu, na kukoroga huanza. Ni kukoroga kwingi. Rangi hufifia, uzito huongezeka, na mwiko ukiinuliwa matone huacha alama juu kama uji ulioiva. Huo ndio wakati wa harufu, na ni mfupi.

Pwani wanajua mengi kuhusu wakati huo. Bibi harusi wa Zanzibar husuguliwa singo, mchanganyiko wa karafuu, waridi, liwa na marashi, chini ya uangalizi wa somo wake. Nguo zake hufukizwa udi juu ya chetezo. Kikuba cha asumini na mrehani huwekwa kifuani. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi nyumba za kifalme za Unguja zilivyojaa manukato. Wawi, kisiwani Pemba, kiwanda cha shirika la biashara la ZSTC hukamua mafuta ya makonyo ya karafuu, mchaichai na mkaratusi kwa mvuke. Na huko Paje, ambako kina mama wanalima mwani, wako waliogeuza sehemu ya mwani wao kuwa sabuni yenye karafuu na mchaichai. Mwani mkavu hupata bei ndogo. Sabuni yake hununuliwa na watalii kwa bei nyingine kabisa.

Fundi wa Nangwa akiagiza chupa ya mafuta ya karafuu kutoka Pemba atakutana na tabia yake mara moja. Karafuu ina yujenoli, na yujenoli huharakisha sabuni kuganda: uji uliokuwa ukimiminika vizuri hugeuka jiwe ndani ya chombo huku mwiko umesimama katikati. Dawa yake ni kuitia mwisho kabisa, ikiwa imechanganywa na mafuta kidogo, na kuitia kidogo. Katika kilo ya mafuta, manukato yote kwa jumla hayahitaji kuzidi gramu 30, na karafuu isipite 5, kwa sababu huwasha. Machungwa na limau hupendeza siku ya kwanza, kisha huyeyuka hewani kabla sabuni haijakauka. Mchaichai hudumu kuliko limau ingawa zinafanana harufu, tena huota nyuma ya jiko. Liwa na mdalasini hushikilia nyingine zisikimbie. Mpangilio huu wa zinazoruka mapema na zinazobaki ndio shule ya pua, na hauna fomula: hunuswa leo, hunuswa wiki ijayo, huandikwa daftarini.

Lakini kostiki ni kali hata kwa manukato, na sehemu ya harufu hupotea humo. Ndiyo maana anayejifunza atapata furaha ya haraka zaidi katika mafuta ya kupaka, ambako hakuna kostiki. Mafundi wa Grasse, Ufaransa, ambao ujuzi wao wa manukato uliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi usioshikika, walikuwa wakitandaza shahamu safi kwenye vioo na kulaza maua ya asumini juu yake, wakibadilisha maua kila siku, mpaka mafuta yashibe harufu. Bibi wa pwani anayeloweka asumini ndani ya mafuta ya nazi yuko kwenye kazi hiyohiyo. Na mama wa kibuyu pia, ila yeye anatumia moshi.

Nangwa njia hiyo inawezekana kwa alizeti. Majani ya mchaichai hukaushwa kwanza kivulini, maana unyevu wa jani bichi huozesha mafuta. Huwekwa ndani ya chupa ya alizeti mahali pa joto kwa wiki mbili au tatu, kisha huchujwa kwa kitambaa. Nta huyeyuka karibu na nyuzi 63, na huyeyushwa ndani ya chombo kilichowekwa juu ya maji ya moto, kamwe si motoni moja kwa moja. Sehemu moja ya nta kwa sehemu tano za mafuta hutoa mafuta ya kupaka ambayo hayamwagiki mchana wa joto na hayawi jiwe alfajiri ya Julai. Visigino vilivyopasuka huyapenda. Nta hiyo mara nyingi hupatikana kwa bei ya chini kutoka kwa watengenezaji wa pombe ya asali, wanaoliona baki la masega kuwa taka.

Mti mmoja uachwe. Msandali wa Afrika Mashariki, wenye harufu inayokaribia ile ya sandali wa India, hukatwa na kung'olewa mpaka mizizi, kwa kuwa mizizini ndiko kuliko na mafuta mengi, na tangu mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Anayeuziwa gunia la magogo yake kwa siri ananunua kesi.

Mwenye kutaka kuuza ana ofisi mbili za kupitia. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hutoa mafunzo na barua ya utambulisho. TBS, shirika la viwango lililopokea usimamizi wa vipodozi kutoka TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019, hupima na kutoa alama ya ubora. Urasimu huu huwachosha wengi, lakini soko lililowahi kujaa krimu za zebaki lina haki ya kuuliza kilichomo ndani ya kopo.

Na sabuni haikimbiliwi kuuzwa. Vipande vilivyokatwa hupangwa juu ya mbao, visigusane, kwa wiki nne hadi sita, kostiki imalize kazi yake na maji yatoke. Kipande cha gramu 120 siku ya kukatwa kinaweza kushuka hadi 105 hivi, kwa hiyo uzito wa kwenye lebo huandikwa baada ya mbao, na bei hupangwa kwa huo. Mteja wa mnadani ataipeleka sabuni puani kwanza kabla ya kuuliza bei.