GaGorib Ana Wenyewe

GaGorib hakupaswa kuwemo kwenye orodha ya Kalunga. Nimeirudia gemu ya Tales of Kenzera: Zau nikitafuta sababu ya kumtetea aliyeamua hivyo, na sikuipata. Ninyi mlioicheza mnaujua mpango: Zau kafiwa na baba, anafunga mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, na akimletea roho tatu kubwa zilizokataa kwenda kuzimu, Baba atarudishwa. Roho zenyewe ni Impundulu, GaGorib na Kikiyaon. Wengi wetu tulipambana nazo kama tunavyopambana na bosi yeyote, tukapumua, tukasonga mbele. Uamuzi mbaya kuliko yote katika gemu hii ulipita hapo hapo, katikati ya milipuko na rangi, na wachache tu ndio walioushtukia.

Gemu hii, iliyotoka Aprili 2024, ilitangazwa kuwa imejengwa juu ya visasili vya Kibantu. Twende taratibu. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Waxhosa na jirani zao. Huyo ni wa Wabantu bila ubishi. Kikiyaon, bundi wa kutisha, husimuliwa upande wa Senegal na Gambia, mbali kabisa na Wabantu. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu pia. Katika simulizi zao jitu huyu hukaa ukingoni mwa shimo, akawachokoza wapita njia wamrushie mawe. Jiwe humrudia aliyelirusha na kumwangusha shimoni. Anayeukomesha ukatili huo ni Heitsi-eibib, shujaa wa Wakhoikhoi wenyewe: hakubali kurusha, anangoja mpaka yule jitu ageuze macho, ndipo anampiga chini ya sikio. Uzito wote wa kisa uko katika subira hiyo, kwa sababu mwenye pupa ya kupiga ndiye anayekufa.

Katika Kenzera, kazi ya Heitsi-eibib amekabidhiwa Zau, kijana wa dunia iliyotangazwa kuwa ya Kibantu. Tena haifanyi ili wasafiri wapite salama. Anaifanya ili ampate baba yake. Anaingia kwenye makao ya roho isiyo ya kwao, anaishinda, anaibeba na kuikabidhi kwa mungu ambaye wenye roho hiyo hawakumjua. Kalunga ni wa Kongo na Angola. Hakuna Mkhoikhoi anayesimama njiani kuuliza, wewe kijana, nani kakutuma?

Ingekuwa watu wengine, labda ningelinyamazia. Wakhoikhoi walianza kunyang'anywa malisho baada ya Waholanzi kutia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652. Wanama, ambao ni Wakhoikhoi wa Namibia, walipoinuka dhidi ya Wajerumani waliangamizwa pamoja na Waherero kati ya 1904 na 1908. Wanama wapatao 10,000 walikufa, karibu nusu ya watu wao, wengine kwenye kambi ya Shark Island huko Lüderitz. Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji ya kimbari mwezi Mei 2021, miaka zaidi ya mia baadaye. Pepo aliyesalia midomoni mwa watu waliopitia hayo ni sehemu ya walichoponea nacho. Kumchukua huku ukiacha jina la watu wake, nchi yao na shujaa wao ni kuwahamisha mara nyingine, safari hii ndani ya hadithi.

Vijana ninaobishana nao hapa Kisian, karibu na Kisumu, huniambia roho zile ni mafumbo ya msiba, na kwamba Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, aliitunga gemu akimlilia baba yake. Najua, na msiba wake nauheshimu. Lakini fumbo nalo lina gharama, na hapa aliyelipishwa ni jirani ambaye hakuulizwa. Uchungu wa familia moja ungeweza kubebwa na majitu yaliyobuniwa.

Mengine yamefanywa vizuri: vinyago vya jua na mwezi vinabadilishana kwa ulaini, muziki wa Nainita Desai unaubeba msiba ipasavyo, na sauti za Kiswahili tulizingoja miaka mingi.

Narudi kwenye neno Bantu, maana hili ni donda langu la zamani na wasomaji wa safu hii wamenizoea. Mtu akikaa ughaibuni akataka kuipa Afrika sura moja, huifunika yote kwa blanketi hilo. Mimi naandika kutoka njiapanda ya Kisian, mahali matatu za Busia na za Bondo zinapoachana. Sisi Waluo ni Waniloti. Ukipanda barabara ya Busia ukaipita Maseno, unasikia Kiluhya, na hicho ni Kibantu. Ukivuka maji hadi Rusinga na Mfangano utawakuta Abasuba, Wabantu wanaosimulia kuwa mababu zao walitoka upande wa Buganda wakikimbia vita, na ambao leo wengi wao wanazungumza Dholuo huku Kisuba kikififia. Huko utambulisho ulimomonyoka kwa ndoa, shule, kanisa na soko. Mtunzi wa gemu anayetaka kuandika juu ya watu kupotea angejifunza Mfangano mambo ambayo hakuna bosi wa kutema moto anayeweza kuyabeba.

Na Gwassi je? Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai wa Kipsigis, ukoo wa viongozi wa kiroho, ikawaleta huku ziwani Gwassi, mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwemo. Wakoloni walielewa vizuri walichokuwa wakifanya: ukitaka kuivunja jamii, iondolee wenye kuongea na mizimu. Ndiyo kazi anayopewa Zau. Tofauti ni kwamba gemu inatutaka tumshangilie.

Wasimulizi wetu wa zamani walikuwa na adabu zaidi. Lwanda Magere wa Kano, ambaye mkuki haukumpenya, aliangushwa na binti wa Kinandi aliyeozwa kwake na maadui. Ni huyo binti aliyegundua kuwa nguvu za mumewe zimo kivulini. Kisa ni cha Waluo, kinasimuliwa na Waluo, na bado kinamwachia msichana wa upande wa pili akili kuliko shujaa wetu. Wanandi ndani yake wana wazee wanaoshauriana na wana sababu ya kupigana. Hakuna aliyemgeuza Mnandi kuwa mnyama wa kuwindwa ili Lwanda apate sifa.

Hata kwenye gemu, waliotangulia walijua. Toby Fox katika Undertale, 2015, alikuruhusu uue kila kiumbe, kisha akakufanya uone maduka matupu na miji isiyo na mtu, na ukimaliza njia hiyo hata kuanza upya hakukusafishi. Kiro'o Games wa Kamerun, katika Aurion ya 2016, walipotaka mfalme anayefukuzwa kwake siku ya kutawazwa, walimbuni Enzo Kori-Odan na watu wake wa Zama kuanzia mwanzo. Hawakuazima mzimu wa mtu. Aurion ilikuwa na mapigano mazito na maneno mengi, lakini katika hili inaishinda Zau kwa mbali.

World of Warcraft sitaisamehe. Mwaka 2018 Sylvanas, mhusika wa gemu hiyo, aliuchoma mti wa Teldrassil na raia waliokaa ndani yake, na mchezaji akapewa dakika chache za kuokoa watu wasiookoleka kwa idadi ile. Tukio lilikuwa na uzito. Baadaye wakimbizi wakaachwa wamesimama katika mji wa Stormwind kama mapambo, na miaka ya hadithi ikatumika kuichambua nafsi ya aliyewasha moto. Sisi wa Kisumu tuliona malori ya Januari 2008 yakiwashusha watu waliofukuzwa Naivasha na Nakuru katika ghasia za baada ya uchaguzi. Wengi walipokelewa na jamaa, kwa hiyo kambini hawakuonekana, na madai yao yaliendelea miaka na miaka. Ukimbizi unaanza pale moto unapozimika, na hapo ndipo waandishi wa gemu hufunga daftari.

Zau ilikuwa na nafasi nzuri kuliko wote hao. Ilitosha GaGorib akae ukingoni mwa shimo lake, kila pigo la jua au la mwezi limrudie mchezaji, mpaka mtu ajifunze kushusha mkono. Heitsi-eibib angekuwepo hapo, na watu wake nyuma yake, na Zau angelazimika kuomba. Kama angenyimwa, basi angerudi kwa Kalunga na pungufu, na watunzi watafute njia nyingine ya kuumaliza msiba wake.