"Upekuzi" na Deni la Mtumishi

Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 humtaka kiongozi atoe tamko la rasilimali na madeni. Istilahi hiyo twaikubali: deni limewekwa sambamba na mali, wala halikufanywa kosa. Lakini "upekuzi", neno litumikalo maofisini kwa uchunguzi wa mtumishi kabla hajakabidhiwa siri za Serikali, latutia shaka. Kuku ndiye hupekua, tena jalalani. Mwalimu wa Makoko, Musoma, aliyekopa benki akanunua nyavu, atadhani deni lenyewe ndilo lisakwalo, naye atalificha. Na deni lililofichwa ndilo limpalo adui nafasi ya kumshurutisha. Twapendekeza "uchunguzi wa uaminifu", ijapokuwa ni refu.